Tamko Kuhusu Miungu Wenye Kinyota na Mipaka ya Ushahidi

Sisi wanachama wa chama cha walimu na watafiti wa isimu historia na dini linganishi, baada ya kujadiliana kwa kina, tunatoa tamko hili kwa walimu wenzetu, wanafunzi wa vyuo, wachapishaji wa vitabu vya kiada, watangazaji na wasomaji wote wa Kiswahili. Linahusu namna ya kuzungumzia miungu walioabudiwa na wasemaji wa lugha mame ya Kihindi-Kiulaya. Lugha hiyo haikupata kuandikwa, lakini ndiyo iliyozaa Kisanskriti, Kiajemi, Kigiriki, Kilatini, Kirusi, Kilithuania, Kijerumani, Kiingereza na nyingine nyingi.

Tumelazimika kusema kwa sababu mambo yamevuka mpaka. Picha na video zinazosambaa zinaonyesha baraza zima la miungu hao, kila mmoja na kiti chake, mke wake, silaha yake na nasaba yake, kana kwamba kuna mtu aliyefika kwenye nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi miaka elfu tano iliyopita akarudi na daftari. Upande wa pili wapo wanaoidharau kazi nzima na kuiita ndoto za maprofesa. Makundi haya mawili yana kasoro moja: hayaulizi jina limepatikanaje.

Jina hupatikana kwa mbinu linganishi. Tarehe 2 Februari 1786, huko Calcutta, jaji William Jones aliwaeleza wanachama wa Asiatic Society kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana kiasi cha kumshawishi yeyote avichunguzaye kuwa vina chimbuko moja, chimbuko ambalo pengine limekwisha kutoweka. Mwaka 1816 Franz Bopp alilinganisha vitenzi vya lugha hizo, wazo likaanza kuwa taaluma. Miaka ya 1870 wanaisimu wa Leipzig wakakaza uzi: sauti hubadilika kwa utaratibu, na anayedai kuwa maneno mawili yana asili moja sharti auonyeshe utaratibu huo sauti kwa sauti. Kufanana kwa sura hakutoshi.

Kwa wasemaji wa lugha za Kibantu jambo hili si geni. Sisi tunasema mtu, Wanyarwanda umuntu, Wakikuyu mũndũ, na anayezijua kanuni za sauti za lugha hizi hapati shida kufika kwenye umbo lililozizaa zote tatu. Carl Meinhof aliitumia mbinu hiyo kwa lugha za Kibantu katika kitabu chake cha mwaka 1899, na Malcolm Guthrie akaiendeleza kati ya 1967 na 1971. Umbo linalopatikana kwa njia hii huwekewa kinyota mbele yake, kumwambia msomaji kuwa hakuna mtu aliyelisoma popote wala kulisikia, limekokotolewa.

Wanaodhani ukokotoaji huu ni mchezo wa kubahatisha wakumbuke kisa cha Ferdinand de Saussure. Katika kitabu chenye tarehe ya 1879, alichokiandika akiwa kijana wa miaka 21, alidai kwamba lugha mame ilikuwa na sauti fulani zilizopotea katika lugha zote za familia hiyo zilizojulikana wakati ule. Wengi hawakumsadiki. Mwaka 1915 Bedřich Hrozný alifaulu kuvisoma vigae vya Kihiti, lugha ya kale ya familia hiyohiyo, vilivyofukuliwa Boğazköy, Uturuki, na mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kwamba Kihiti kilikuwa kimeihifadhi sauti ya namna hiyo katika nafasi ambazo hoja ya Saussure ilizitarajia. Ushahidi ulikuwa ardhini muda wote. Mbinu inayoweza kubashiri hivi inastahili heshima, na chama chetu kinaiheshimu.

Ila mbinu hiyohiyo ina ukali wake inapoingia kwa miungu, na ukali huo ndio wengi wasioutaka. Kilatini kina neno deus, Kigiriki kina theos, yote mawili yana maana ya mungu, na masikioni ni kama ndugu. Si ndugu. Kanuni za sauti zinamweka deus ukoo mmoja na Zeus, na theos zinamtupa ukoo mwingine kabisa. Vilevile Ouranos wa Wagiriki na Varuna wa Wahindi. Wote wawili wanahusishwa na mbingu na majina yao yanaelekea kufanana, na wasomi wa karne ya 19, akiwemo Max Müller, waliwaunganisha kwa furaha. Georges Dumézil aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 1934. Sauti zimekataa, na leo wanaisimu wengi wanalifungamanisha jina la Ouranos na kitenzi cha kunyesha mvua. Ikiwa majina yaliyokaribiana hivyo yamekwama mlangoni, msomaji apime mwenyewe thamani ya orodha zinazounganisha miungu kwa sababu tu wote wana nyundo.

Msimamo wetu ni kwamba miungu hawa hawana hadhi moja ya ushahidi, na kuwaweka safu moja ni kumdanganya mwanafunzi.

Yupo mmoja ambaye tunaweza kumtetea mbele ya yeyote. Ni Baba Mbingu, *Dyēus akiwa na neno la baba likimfuata. Wagiriki walimwita Zeus patēr, Warumi Jupiter, Wahindi wa zama za Rigveda, mkusanyiko wao wa tenzi takatifu, Dyaus pitar. Hapa kinachokubaliana ni zaidi ya jina: ni jina pamoja na cheo chake, katika matawi yaliyotengana kwa maelfu ya kilomita, na kila sauti inafuata kanuni. Kule Anatolia, Waluwi walikuwa na Tiwaz, mungu wa jua, ambaye jina lake limetoka kwenye mzizi huohuo.

Lakini hata huyu tunamjua kwa kiasi gani? Katika Rigveda, Dyaus hana utenzi hata mmoja ulio wake peke yake. Hutajwa pamoja na Dunia, au hutajwa kama baba wa wengine, basi. Zeus naye ni mfalme, mpiga radi, mume wa Hera na mtongozaji asiyechoka. Yupi kati yao anafanana zaidi na yule wa kale? Radi yake Zeus huenda aliichukua kwa mungu mwingine, au aliiazima kwa majirani wa Mashariki ya Karibu ambao miungu wao wakuu walikuwa wa tufani. Tunachoweza kuthibitisha ni jina, mbingu angavu na ubaba. Anayeongeza ndevu, kiti cha enzi na fimbo ya radi anachora Zeus na kumbandika kinyota.

Anayemfuata kwa uthabiti ni mungu wa kike wa alfajiri. Ushas wa Kisanskriti, Ēōs wa Kigiriki, Aurora wa Kilatini: majina yanakubaliana kisauti, na Kilithuania kina aušra, neno la kawaida la mapambazuko. Ushas ana tenzi zake takribani 20 katika Rigveda, nazo ni miongoni mwa tenzi nzuri kuliko zote za mkusanyiko ule. Humo anaitwa binti wa Mbingu, jina la heshima ambalo Homer, mshairi wa Kigiriki, naye hulitumia, ingawa huwapa miungu wengine wa kike. Jambo la kushangaza ni kwamba alfajiri, ambaye Ugirikini na Roma alibaki mhusika mdogo wa ushairi, ndiye aliyeacha nyayo zilizo wazi kuliko miungu wengi wenye mahekalu makubwa.

Kwa habari ya alfajiri kuna kisa ambacho walimu watapenda kukitumia darasani. Mtawa Bede wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 725 kuhusu hesabu za nyakati, aliandika kwamba mababu zake walikuwa na mungu wa kike aitwaye Eostre na mwezi uliopewa jina lake, ambalo ndilo asili ya Easter, jina la Kiingereza la Pasaka. Hakuna mwandishi mwingine wa kale anayemtaja. Kwa muda mrefu baadhi ya wasomi walimshuku Bede kuwa amemzua. Kisha mwaka 1958, karibu na Morken-Harff nchini Ujerumani, yakapatikana maandishi zaidi ya 150 ya enzi za Warumi, yaliyowekwa nadhiri kwa mama watakatifu waitwao Austriahenae, jina lenye mzizi uleule. Hayathibitishi kila alichosema Bede, wala hayana uhusiano wowote na sungura na mayai yanayohubiriwa kila msimu wa Pasaka. Yameondoa tu hoja kwamba jina hilo halikuwa na msingi, na hivi ndivyo ushahidi unavyotakiwa kufanya kazi, hatua moja moja.

Daraja linalofuata lina mashaka zaidi. Mungu wa radi wa Walithuania ni Perkūnas, wa Walatvia ni Pērkons, na katika maandishi ya Wanorse mama wa Thor, mungu wao wa radi, anaitwa Fjörgyn, jina linaloweza kuunganishwa nao kwa kanuni za sauti. Hadi hapo hatuna ugomvi. Ugomvi unaanza kwa Perun wa Waslavi, yule ambaye mtawala Vladimir alimsimamishia sanamu Kiev mwaka 980, yenye kichwa cha fedha na masharubu ya dhahabu, na aliyetoswa mtoni mwaka 988 Vladimir alipobatizwa. Kazi yake ni ileile ya Perkūnas. Jina limekaribia, lakini limekosa k. Wapo wanaosema watu walilikwepa jina halisi kwa hofu wakaligeuza makusudi. Inawezekana, lakini hoja inayoweza kusamehe sauti yoyote isiyokaa sawa inatakiwa itumiwe kwa uchache mno. Parjanya, mungu wa mvua wa Wahindi, ana tatizo la jinsi hiyohiyo. Kwa hiyo tunapendekeza mungu huyu wa radi afundishwe kama mungu wa Ulaya ya kaskazini na mashariki, na kuwepo kwake katika lugha mame kuandikwe kuwa dhana.

Mapacha wa farasi ni hali ya kinyume: majina hayakubaliani hata kidogo, ila wasifu unakubaliana kupita kiasi. Ashvin wa India, Dioskouroi wa Ugiriki na wana wa Mungu katika nyimbo za Kilatvia ni vijana wawili, watoto wa mbingu, wenye farasi. Wa India na wa Ugiriki huwaokoa watu, hata baharini. Wa India na wa Latvia wanahusishwa na binti wa Jua. Sifa moja ingekuwa sadfa. Mkusanyiko huu wote ni vigumu kuuita sadfa. Tunawakubali, bila kinyota kwa kuwa hatuna jina la kuwekea kinyota.

Kuhusu joka, tunaomba subira. Calvert Watkins, katika kitabu chake cha 1995, alionyesha kwamba kauli ya shujaa kumuua joka imerithiwa kwa maneno yaleyale katika Kisanskriti na Kiavesta, lugha ya kale ya Wairani, na mabaki yake yanaonekana katika Kigiriki na kwingineko. Kauli, yaani mpangilio wa maneno, tunaikubali. Hadithi yenyewe ni ya ulimwengu mzima. Babeli walikuwa na Marduk na Tiamat, Japani wana Susanoo na nyoka wa vichwa vinane, na hata pwani yetu kuna kisa cha kijana aliyemuua nunda mla watu, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Hakuna kabila lenye hatimiliki ya shujaa anayeua dubwana.

Wengi watauliza kuhusu Dumézil na nadharia yake ya kazi tatu: utawala na ibada, vita, na uzalishaji. Warumi walikuwa na Jupiter, Mars na Quirinus. Na katika mkataba kati ya Wahiti na mfalme wa Mitanni, wa karne ya 14 kabla ya Kristo, wametajwa Mitra, Varuna, Indra na Nasatya, ambao Dumézil aliwapanga katika ngazi hizohizo. Ni nadharia ya mtu mwenye elimu kubwa, na imefumbua macho mengi. Hata hivyo, Ugiriki imeikataa kwa ukaidi, na vitu vitatu ni rahisi kuvipata popote unapovitafuta. Hatuoni sababu ya kuikaririsha katika mitihani kana kwamba ni kanuni ya sauti.

Mkataba huo wa Mitanni una somo jingine. Miungu wake ni wa kundi la Kihindi-Kiirani. Hawawezi kusukumwa nyuma hadi lugha mame kwa sababu tu kigae ni cha kale. Kila jina lina tabaka lake. Na hata ndani ya tabaka moja mambo hupinduka: deva kwa Wahindi ni mungu, ilhali katika Avesta, maandiko matakatifu ya Wairani, daeva ni pepo mbaya, na Indra mwenyewe yumo katika orodha ya mapepo. Watu waliokuwa ndugu wa karibu kilugha walifikia kuabudu na kulaani jina moja. Tukumbuke pia kwamba vyanzo vyetu vimepishana umri mno. Rigveda ilitungwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kristo. Snorri Sturluson aliandika habari za Thor na Odin mnamo 1220, akiwa Mkristo, zaidi ya karne mbili baada ya Iceland kubatizwa. Lithuania ilibatizwa rasmi mwaka 1387, na nyimbo za Kilatvia zilikusanywa karne ya 19. Kuvichanganya hivi bila kutaja tarehe ni uvivu.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo hatutalizungumza kwa upole. Lugha si damu. Neno arya lilikuwa jina ambalo Wahindi na Wairani wa kale walijiita. Wasomi na wanasiasa wa Ulaya walilichukua, wakalifanya jina la mbari ya kubuni yenye nywele za dhahabu, na mwaka 1935 kiongozi wa Nazi Heinrich Himmler alishiriki kuunda taasisi ya Ahnenerbe kulitafutia hoja. Max Müller alikuwa ameshaonya mwaka 1888 kwamba kuizungumzia mbari ya Kiarya ni upuuzi, naye alijutia namna neno hilo lilivyoenea. Hakusikilizwa. Tafiti mbili za vinasaba zilizochapishwa mwaka 2015 zilionyesha kuwa watu wa nyika wa utamaduni wa Yamnaya, waliokuwepo kati ya takribani 3300 na 2600 kabla ya Kristo, waliacha urithi mkubwa kwa watu wa Ulaya, na hilo linaipa nguvu hoja kwamba lugha zilisambaa kutoka huko. Lakini mifupa haitaji jina la mungu, wala haimpi mtu wa leo haki ya kujiona bora.

Tunaosema haya si watu wa nje. Meinhof huyohuyo aliyetupa msingi wa isimu ya Kibantu ndiye aliyeandika mwaka 1912 kitabu juu ya lugha alizoziita za Kihami, akifungamanisha sarufi na rangi ya watu, na mwaka 1933 akajiunga na chama cha Nazi. Nadharia ya Wahami ilifanya kazi yake chafu katika eneo letu la Maziwa Makuu, ambako iliwagawa watu wa lugha moja kuwa wageni na wenyeji, na Rwanda inajua gharama yake. Kwa hiyo anayetuletea miungu wa kale wakiwa wamefungwa pamoja na ngano za mbari asitarajie kwamba sisi, kwa kuwa habari ni za Ulaya, tutainamisha vichwa.

Tunawakumbusha wanachama na walimu pia kwamba vitabu hivi si masalia matupu. Rigveda ni maandiko matakatifu yanayosomwa leo na Wahindu walio majirani zetu Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, na moto, ambao ni Agni, bado ni shahidi wa ndoa zao. Kumtaja Agni darasani kama mdudu aliyehifadhiwa kwenye chupa ni utovu wa adabu. Nao wale wa Ulaya ambao leo wanafufua ibada za kale, hatuna neno juu ya imani yao. Tuna neno pale tu wanapodai kwamba wanasali kwa maneno yaleyale ya miaka elfu tano iliyopita. Mwaka 1868 August Schleicher alitunga hekaya fupi ya kondoo na farasi katika lugha mame aliyoiunda. Wanaisimu waliomfuata wameiandika upya mara kadhaa, na kila toleo linatofautiana na lililotangulia. Lugha inayobadilika kila kizazi cha maprofesa haiwezi kuwa sala ya mababu.

Kwa hayo, tunawaomba wachapishaji waonyeshe kiwango cha ushahidi kila wanapomtaja mungu aliyeundwa upya, na wasikichomoe kinyota kwa ajili ya urembo wa ukurasa. Wachoraji wachore, ila waandike chini kwamba sura ni ya kubuni. Watunga mitihani waache kuuliza majina ya kukariri, waulize njia. Vyuo vyetu visiliache somo la isimu historia life kwa kukosa wanafunzi, kwa sababu bila wanaolijua hapatakuwa na wa kusahihisha chochote, kiwe cha Kihindi-Kiulaya au cha Kibantu.

Nawe mwanafunzi, ukikutana na orodha ya miungu ishirini wa kale wenye wake na watoto, uliza jina hili limepatikana katika matawi mangapi, sauti zake zinakubaliana kwa kanuni ipi, na chanzo kiliandikwa lini na nani. Mwenye orodha akikosa majibu, usiinakili.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama.